Kamera Hufa Kabatini: Mafunzo Niliyopata Kibiti na Delta ya Rufiji

Nakusanya kamera za mkanda za aina ya renjifainda, zile zenye vidirisha viwili usoni, ambazo mpigaji hatazami kupitia lenzi bali kupitia dirisha lililo juu yake. Nyingi nilizonazo zilitengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1970: Zorki na FED za Umoja wa Kisovieti, Canonet na Yashica za Japani. Nimezipata kwa wastaafu waliorudi nazo kutoka masomoni Urusi, kwa watumishi waliozinunua Dar es Salaam enzi za ujana wao, na kwa familia za mafundi wa studio waliosomesha watoto kwa picha za harusi na za vitambulisho. Simu zenye kamera zilipoenea, mashine hizi ziliingizwa kabatini, baadhi zikiwa bado na mkanda ndani.

Mahali ninapozitumia zaidi ni Kibiti, kama kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, na kwenye delta ambako Mto Rufiji unagawanyika kabla ya kuingia baharini mkabala wa Mafia. Delta hiyo ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Kwa kamera ni mahali pagumu. Kuna chumvi, joto, unyevu na tope, na umeme ni wa kubahatisha ukishaingia visiwani. Ugumu huo ndio ulionipa mafunzo haya, na yote yanaelekea kwenye jambo moja: kamera ya zamani huishi kwa kutumika, na picha yake huishi ikikaa mikononi mwa wenyewe.

1. Nunua macho ya kamera, si ngozi yake

Muuzaji atakuonyesha ngozi inayong'aa na chuma kisicho na mkwaruzo. Wewe kagua jinsi kamera inavyoona. Ndani ya renjifainda kuna kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine. Taswira moja huingia kwa dirisha la kutazamia, ya pili huingia kwa kidirisha cha pembeni, na zote mbili hukutana kwenye kiraka kidogo katikati ya unachokiona. Ukizungusha lenzi, taswira ya pili inasogea. Zikilaliana zikawa moja, umepata umbali sahihi.

Jaribio langu la kwanza ni mnara wa simu. Nazungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, kisha natazama mnara ulio mbali kabisa. Taswira mbili zikiwa moja, nimeridhika nusu. Nusu ya pili naitafuta karibu: napima mita moja kwa utepe wa fundi cherehani hadi kwenye msumari wa mlango, na lenzi nayo inapaswa kusoma mita moja pale taswira zinapokutana. Zikipishana kulia au kushoto, fundi mwenye mkono mtulivu hurekebisha kwa bisibisi ndogo. Zikipishana juu na chini, uliza kama kamera iliwahi kuanguka.

Kiraka kikiwa kimefifia, usiikatae kamera papo hapo. Bandika kipande kidogo cha utepe mweusi katikati ya dirisha la kutazamia, upande wa nje. Taswira ya kwanza itapungua nguvu mahali hapo na ya pili itajitokeza. Fundi mmoja mzee wa Dar es Salaam alinionyesha hilo, akaniambia amefanya kazi za harusi miaka mingi kwa kamera yenye utepe usoni.

2. Kila kamera ina miiko yake

Zorki 4 ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1956 hadi 1973, na zilitoka zaidi ya milioni 1.7. Ndiyo maana bado unaipata. Mwiko wake mkubwa ni huu: usiguse gurudumu la kasi ya shata kabla ya kuvuta mkanda. Vuta kwanza, kisha chagua kasi. Ukifanya kinyume unaweza kuvuruga mitambo ya ndani, na vipuri hupatikana kwa kuchinja Zorki nyingine tu.

Canonet QL17 G-III ya 1972 ina shata ndani ya lenzi, nayo hufyatuka bila betri. Betri ni ya kipima mwanga tu. Kipimo hicho kiliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo ilipigwa marufuku nchi nyingi kwa sababu ya sumu, na betri za leo za volti 1.5 hukifanya kisome mwanga visivyo. Yashica Electro 35 iliyotoka 1966 ni kamera nzuri kwa mjini, lakini shata yake inaongozwa na umeme. Betri ikiisha inabaki na kasi moja tu ya 1/500. Kijijini ambako duka lina betri za redio na tochi pekee, kamera ya namna hiyo ni mzigo. Deltani nachukua Zorki na Canonet.

Ipo pia miiko ya mfukoni. Ukiuziwa Leica ya rangi ya dhahabu yenye nembo za jeshi la Ujerumani, fungua lenzi utazame ndani. Leica ya kweli ya zama za nembo hizo ina kigurudumu kidogo kinachogusa mgongo wa lenzi ili kusoma umbali. FED na Zorki za mwanzo zina ulimi wa chuma wenye umbo la kabari. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934 kwa kuiga Leica, na nyingi zimechorwa upya ili ziuzwe kwa jina la mama yake. Kama kamera ya kazi, FED hiyo inafaa kabisa. Ilipie bei ya FED.

3. Kuvu hula kilichotulia

Adui wa kwanza wa lenzi katika ukanda huu ni kuvu. Huanza kama nyuzi nyembamba ukingoni mwa kioo, nyeupe, zenye matawi. Zikiachwa, hutoa asidi inayokula rangi iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Kuvu hupenda vitu vitatu: unyevu, giza na hewa isiyosogea. Mfuko wa ngozi ndani ya kabati la nguo, wakati wa masika, una vyote vitatu. Kamera nyingi nilizoletewa na lenzi iliyoharibika zilikuwa za watu waangalifu, waliozifunga vizuri, wakazihifadhi, wasiziguse miaka na miaka.

Kamera inayotoka nje kila wiki haipati kuvu kirahisi. Inapigwa na upepo, inapigwa na mwanga, lenzi inazungushwa, hewa ya ndani inabadilika. Kwa zile zinazosubiri zamu, natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na ndani naweka vifuko vya silika vile vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Vikishiba unyevu, navikausha kwa joto la chini kwenye kikaango, taratibu, kisha navirudisha. Watu wengi hapa hushauri mchele, kwa kuwa Rufiji ni nchi ya mpunga. Mchele una vumbi na wanga, na vumbi hilo huingia kwenye nyuzi za lenzi. Uache uende jikoni.

Mifuko ya ngozi naitunza chumba kingine kabisa. Ni mizuri, ina harufu ya zamani, na ndiyo nyumba ya kwanza ya kuvu.

4. Kwenye mtumbwi, umbali upimwe kabla

Ukiwa juu ya maji hakuna kinachotulia. Mtumbwi unayumba, unayempiga picha anayumba kwenye wake, na kiraka cha renjifainda kinakimbia huku na huko. Wavuvi hawatakungoja ulaze taswira moja juu ya nyingine. Hapo ndipo namba zilizochongwa kwenye lenzi zinapokuwa na maana.

Kwa lenzi ya milimita 50, nikiweka tundu kwenye f/11 na umbali kwenye mita 5, kila kilicho kati ya mita 3 na mita 14 hivi kinatoka safi. Hiyo ni nafasi ya kutosha kumchukua mpiga kasia aliye mbele yangu pamoja na mtumbwi unaopishana nasi. Naweka vipimo hivyo kabla hatujasukuma chombo, kisha nashughulika na kutazama tu. Kamera ya mwaka 1956 ikishapangwa hivyo ni ya haraka kuliko simu, kwa sababu haitafuti chochote: ukibonyeza, imepiga.

Jua nalo lina hatari yake. Shata ya Zorki ni kitambaa, na lenzi iliyoachwa wazi ikitazama jua hukusanya miale na kukichoma. Tundu dogo kama kichwa cha pini linatosha kuweka doa jeupe kwenye kila picha. Mtumbwi hauna kivuli, kwa hiyo kifuniko cha lenzi hakitoki hadi mkono uko tayari. Mkanda naubadilisha nchi kavu. Mgongo wa Zorki huchomoka wote, unabaki mkononi, na juu ya mtumbwi huna mahali pa kuuweka.

Jioni nafuta mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye chuma, asubuhi imeshaanza kazi.

5. Mwanga wa delta husomwa kwa jicho

Kanuni ya zamani inatosha: jua likiwaka bila wingu, weka tundu f/16 na kasi inayokaribia namba ya mkanda. Mkanda wa 400 unataka 1/500, mkanda wa 100 unataka 1/125. Canonet inaishia 1/500, kwa hiyo mchana wa jua kali mkanda wa 400 unaifikisha ukingoni. Siku za namna hiyo nachukua mkanda wa 100 au 125.

Kanuni hiyo inahitaji marekebisho ya hapa. Maji yakiwa yamejaa na jua liko juu, mwanga unakuja pia kutoka chini, na uso wa mtu aliye kwenye mtumbwi unaangazwa hadi chini ya kidevu. Maji yakipwa, tope jeusi linabaki, mwanga wa chini unapotea, na sura ile ile inataka tundu kubwa zaidi. Ukiingia kwenye kijito kilichofunikwa na mikoko na misinzi pande zote, mwanga unashuka mara moja kiasi kwamba f/16 inakuwa f/4 na bado unataka kasi ndogo. Kipima mwanga cha zamani, ambacho mara nyingi kimechoka, huchelewa kufuata mabadiliko hayo. Jicho likizoea linawahi.

Ngozi nyeusi na kanzu nyeupe ndani ya picha moja ni mtihani wa kila sherehe ya pwani. Mimi nautafutia uso mwanga wake kwanza. Kanzu ikipoteza mikunjo michache nitaistahimili. Uso ukipotea, picha haina kazi kwa mwenyewe.

6. Ratiba ni ya maji

Delta haina habari na saa yako ya mkononi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na ushei, na njia iliyopitika asubuhi inakuwa uwanja wa tope mchana. Wakati wa maji mafu, vijito vingine havipati maji ya kutosha kupitisha chombo chenye mzigo. Boti za Nyamisati kwenda Mafia, majahazi yanayobeba mizigo na akina mama wanaotafuta kaa wa tope wote hufuata hesabu hiyo hiyo ya mwezi.

Mkanda una picha 36. Nikijua maji yatajaa saa ngapi, najua pia saa ngapi mizizi ya milana, aina mojawapo ya mikoko, itakuwa wazi, saa ngapi mitumbwi itarudi, na saa ngapi kutakuwa kimya. Nagawa picha zangu kwa maji. Hilo limenifanya nimuulize nahodha mambo kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.

7. Ruhusa kwanza, na picha nyingine haipigwi

Mwaka 2016 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kipindi cha mauaji. Viongozi wa vijiji, askari polisi na raia waliuawa, na hofu ikaingia nyumba kwa nyumba. Mgeni anayezunguka na chombo asichokijua mtu hana budi kukumbuka jambo hilo. Mimi naanzia ofisi ya kijiji, naandika jina kwenye kitabu cha wageni, kisha napelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ndipo naenda kwa wazee kutoa shikamoo. Kamera inabaki begani ikiwa imefunikwa mpaka mazungumzo yafike kwake yenyewe, na kwa kweli hufika, kwa sababu wazee wengi wanaikumbuka. Mmoja aliishika Zorki, akazungusha kitasa cha mkanda bila kuelekezwa, akaniambia kaka yake aliuza picha kivuko cha Ndundu, zamani kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003.

Renjifainda inasaidia adabu hiyo. Dirisha lake liko pembeni kabisa mwa kamera, kwa hiyo nusu ya uso wangu inabaki wazi. Jicho la kushoto linaendelea kumtazama mtu, mdomo unaendelea kuongea. Shata ya Canonet ina sauti ndogo sana, nayo haikati maneno.

Zipo picha nisizopiga hata nikiruhusiwa. Ukataji wa mikoko unasimamiwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Kijana aliyebeba boriti mbili za kuezekea nyumba ya mama yake anaweza kuwa na kibali, anaweza kuwa hana. Picha yake ikizunguka itamsemea mbele ya watu asiowajua. Namwacha apite. Madaraja, vizuizi vya barabarani na vituo vya ulinzi navyo sivielekezei kamera bila idhini ya maandishi.

8. Mtungi wa udongo ni kifaa cha chumba cha giza

Studio nyingi zimeondoa mashine za kusafishia mikanda ya rangi, kwa hiyo natumia mkanda wa picha nyeusi na nyeupe na kuusafisha mwenyewe. Shida kubwa ni joto. Dawa nyingi zimepimwa kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya bomba Kibiti mchana hufika nyuzi 28 na zaidi. Ukitumia dawa kali kwenye joto hilo, muda unashuka chini ya dakika 5, na muda mfupi namna hiyo huacha mawimbi kwenye picha kwa sababu dawa haijasambaa sawasawa.

Suluhisho liko kona ya kila nyumba ya pwani. Maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo hupoa kwa nyuzi kadhaa, kwa kuwa yanayopenya ukutani huvukiza na kuchukua joto. Natoa maji ya mtungi alfajiri, yakiwa yamepoa kabisa, na dawa naichanganya na maji sawa kwa sawa ili muda urefuke. Mkanda wa Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa hivyo huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 9, na huo ni muda ninaoweza kuusimamia. Masika hewa imejaa unyevu, mtungi haupoozi sana. Hapo nazungushia chupa za dawa vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba maji yote, ya kwanza hadi ya kusuuzia, yawe na joto moja. Yakipishana sana, utando wa mkanda hujikunja na kupasuka vipasuko vidogo visivyorekebishika.

Maji safi ni mali. Kusuuza kwa bomba linalotiririka nusu saa ni anasa ambayo kijiji cha delta hakina. Ilford wenyewe wana utaratibu wa kusuuza kwa maji machache: jaza chombo, kipindue mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi yanafaa kwa hatua ya mwisho, maana hayaachi chokaa juu ya mkanda.

Fiksa iliyotumika, ile dawa ya kukazia picha, haiendi mtoni. Ina fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye mkanda, nayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Naitia steliwaya ya kusugulia sufuria ndani ya dumu; chuma kinayeyuka taratibu na fedha inatuama chini kama tope la kijivu. Kamba, kaa na samaki wa delta hii ndio riziki ya wale ninaowapiga picha. Haiwezekani niwachukue sura na kuwaachia sumu.

9. Delta ilipigwa picha kabla yetu, kwa ajili ya mizinga

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikondo ya Rufiji. Waingereza walileta ndege kuitafuta, na Aprili 1915 rubani John Cull aliruka juu ya delta akarudi na picha za meli hiyo. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zikaimaliza huku ndege zikiwaelekeza wapigaji. Wakati meli ile ikiwa imejificha kati ya mikoko, kule Wetzlar Oskar Barnack alikuwa tayari ameunda mfano wa kamera ndogo ambayo ingeuzwa kuanzia 1925 kwa jina la Leica. Kipima umbali kilichounganishwa na lenzi kilikuja na Leica II mwaka 1932.

Nazitazama picha za vita ile na kuona mikondo, mikoko na meli. Watu wa delta hawamo. Walikuwepo, walilima mpunga, walivua, na wengi walichukuliwa kuwa wapagazi. Hakuna aliyepanda ndege kwa ajili yao. Kamera ndogo iliyobuniwa miaka ile ile ndiyo iliyoweza baadaye kuingia kwenye mtumbwi na kukaa uso kwa uso na mtu. Anayeimiliki leo na kuitumia kuchukua mandhari tu, machweo na vivuli vya mikoko, ameacha kazi yake kuu bila kuifanya.

10. Ahadi ni deni: rudisha picha

Bibi mmoja upande wa Mbwera alinikubalia nimpige picha akiwa mlangoni kwa dungu lake shambani, alikokuwa akilinda mpunga. Kabla sijainua kamera alisema: "Mwanangu, waliokuja kabla yako walisema watarudi." Kamera ya mkanda haina kioo cha kumwonyesha mtu sura yake papo hapo. Anakuamini bila ushahidi, na ushahidi pekee utakaompa ni nakala mkononi mwake. Nilimpelekea. Tangu hapo hiyo ndiyo kanuni: mkanda mpya hauingii kwenye kamera kabla nakala za mkanda uliopita hazijafika kwa wenyewe.

Maana ya kanuni hiyo ilionekana Aprili 2024. Mafuriko makubwa ya Mto Rufiji yalizamisha makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia. Watu waliokoa watoto, magodoro na magunia, kama inavyotakiwa. Albamu zilibaki. Nilipofika kwa jamaa niliowafahamu, waliniletea matita ya picha za harusi na za marehemu zilizogandana. Picha za studio za zamani zikilowa, usizibandue kwa nguvu. Zilowekwe kwenye maji safi baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zikaushwe kivulini uso ukiwa juu. Negativu nazo huvumilia kusuuzwa. Kwa njia hiyo nyingine zilipona. Zile nilizopiga mimi nilizichapisha upya, kwa kuwa negativu zilikuwa Dar es Salaam kwenye bahasha kavu. Na zipo ambazo negativu zake sikuwa nazo, lakini shangazi wa kijiji cha pili alikuwa na nakala ukutani.

Hapo kamera na picha vinakutana. Chochote kilichofungiwa mahali pamoja, hata kwa upendo, kinangoja kuvu au maji. Kilichosambaa mikononi mwa watu kina nafasi ya kubaki.

Kama nyumbani kwenu ipo kamera ya babu, itoe leo kwenye mfuko wa ngozi. Kama kuna mkanda ndani, urudishe kwenye kopo lake gizani kabla ya kufungua mgongo, kwani huenda bado una sura za watu wenu. Mpelekee fundi, lipia usafishaji wa lenzi, nunua mkanda mmoja wa bei ndogo, uumalizie kwa watu wa mtaani kwenu. Chapisha nakala mbili za kila picha iliyotoka: moja ya mwenyewe, moja ya nyumba nyingine. Nyuma yake andika kwa penseli jina, kijiji na mwaka, kwa sababu wino huvuja picha ikilowa. Thamani ya mkusanyo wangu sasa naihesabu kwa nakala zilizoko majumbani mwa watu wa Mbwera, Salale na Nyamisati, na ningependa nyumba hizo ziongezeke kabla sijaongeza kamera nyingine.